Mnandi wa Papa, Popo Wangu

Nyumbani kwetu Nguba hakuna aliyeruhusiwa kukaa katikati. Ama ulikuwa wa mnandi, yule ndege mweusi wa ziwani, ama ulikuwa wa popo. Papa alikuwa wa mnandi. Mimi nilikuwa wa popo tangu meno ya utoto, na hata leo, mwalimu mzima wa biolojia mwenye mvi kichwani, ukimsema vibaya popo mbele yangu tutakosana. Nilishamsahihisha padri mmoja mlangoni mwa kanisa, mbele ya watu wa shirika letu la sala, kwa kuwa alikuwa amehubiri kwamba popo ni ndege. Popo si ndege. Anazaa, ananyonyesha. Padri alicheka. Maman hakucheka, alinifinya mkono mpaka tukafika nyumbani.

Mti wenyewe ni mkaratusi mmoja mrefu, uko mwisho wa parseli yetu, kiwanja cha nyumba, pale ngazi za simenti zinapoingia ziwani. Mchana wote ni wa popo, wale wakubwa wanaokula matunda. Wananing'inia huko juu, wamejifunga mabawa, wanagombana, wanasukumana, wanakojoa bila aibu. Jua likianza kushuka wanaachia matawi kundi kwa kundi, wanaelekea mashambani. Hawajamaliza kuondoka, mnandi nao wanafika kutoka ziwani, weusi, shingo ndefu, matumbo yamejaa samaki, wanakaa kwenye matawi yale yale ambayo wenzao wameyaacha sasa hivi. Asubuhi wanabadilishana tena. Sijawahi kuuona mti ule ukiwa mtupu.

Hiyo saa ya kubadilishana ndiyo ilikuwa saa yetu. Papa alikuwa infirmie, muuguzi wa hospitali, na jioni ambazo hakuwa na zamu alikaa kwenye barza, kiti chake cha mbao kimeegemea ukuta, akatupa neno la uchokozi: "Haya, nani ataniambia leo popo anashinda munandi na nini?" Vita ikaanza.

Kwa watu wengine mtoto akimjibu baba anachapwa. Kwetu aliyekaripiwa ni yule aliyekubali haraka. "Mutu ananiitikia tu ndiyo, ndiyo, huyo hanisikilize," papa alisema. "Anangojea nimalize aende kucheza." Na alisema kweli, kwa sababu kaka yangu mkubwa, kifungua mimba, alijua njia ya mkato. Alisema, "Ndiyo papa, munandi ameshinda," kisha mbio mpaka uwanja wa mpira. Mimi nilibaki kwenye barza na hasira zangu.

Papa alimpenda mnandi kwa ajili ya kazi. Bata, alisema, ana mafuta kwenye manyoya, maji yanateleza. Mnandi hana. Analowa mpaka ngozi. Akitoka majini inabidi asimame juu ya jiwe na kutandaza mabawa juani mpaka yakauke, ndipo aweze kuingia tena. "Mungu alimunyima mafuta, na kila siku anaingia mu maji baridi kutafuta chakula. Huyo njo mufanyakazi."

"Ndege wa maji anayelowa!" nilimjibu. "Papa, hiyo si ni aibu?"

"Aibu ni kulala muchana kutwa miguu juu."

Hapo hasira zilinipanda. Nilimwambia aangalie matawi yake huyo mfanyakazi. Kinyesi cha mnandi ni cheupe na kinachoma. Kila tawi analolipenda linakauka, majani yanadondoka, mwishowe anabaki amekaa juu ya kuni. Anaua nyumba yake mwenyewe. Popo, yeye, anakula mapera huko Kabare, anarudi, anadondosha mbegu njiani, na mpera ule nyuma ya jiko letu hakuna mtu aliyeupanda. Tena popo anazaa mtoto mmoja tu, anambeba kifuani, anaruka naye.

"Mama yake njo anamubeba," papa alisema. "Baba yake iko wapi? Popo dume anajua hata mutoto wake? Ata! Angalia munandi. Baba na mama wanalisha pamoja. Mutoto anaingiza kichwa yote mu koo ya baba yake kutafuta samaki. Niambie baba gani mwingine anakubalia hiyo."

Kwa hilo nilimgeukia maman. Maman ndiye aliyekuwa hakimu wetu. Alisimama mlangoni, kitambaa begani, akasikiliza pande zote mbili, na hukumu yake ilikuwa ile ile siku zote: "Chakula kimepoa."

Kuna mambo mawili ya miaka ile ambayo lazima niyaseme, maana bila hayo hamtaelewa kilichotokea baadaye.

La kwanza, siku moja mnandi alinaswa kwenye wavu wa wavuvi wa sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, chini kabisa ya ngazi zetu. Papa alishuka na mkasi wake wa hospitali. Ndege alimng'ata, damu ikatoka, papa hakumwachia. Alikata nyuzi moja moja, kisha akakishika kichwa chake kwa vidole viwili akatuita: "Mukuje muone hii jicho." Lilikuwa la kijani, kijani cha chupa jua likiipita. Papa alitueleza kwamba jicho hilo linaona juu ya maji na chini ya maji pia, linajibadilisha lenyewe. Kisha akamwachia, na mnandi akaondoka bila asante.

La pili ni langu. Mtoto wa popo alianguka kutoka mtini, nikamwokota ndani ya kitenge cha maman. Ee Mungu wangu, kelele alizopiga maman siku ile! Ugonjwa, uchawi, kitenge chake, vyote pamoja. Papa alimtuliza, akaleta torshi yake ndogo, ile aliyotumia kuangalia macho ya wagonjwa, akammulika yule mtoto usoni. Uso wa mbwa mdogo, macho makubwa ya kahawia. "Angalia," papa aliniambia, "pupila, hii mboni ya jicho, inafunga. Huyu anaona muzuri kabisa." Wale popo wadogo wa kwenye dari, wanaokula mbu, ndio wanaotafuta njia kwa masikio, alinieleza. Hawa wa matunda wanatumia macho yao. Nadhani siku ile ndiyo niliyokuwa mwalimu wa biolojia, ingawa diploma ilikuja baadaye sana.

Miaka ikaenda. Kaka alioa, akafungua duka la vifaa vya ujenzi huko Walungu, akajenga nyumba nzuri ya matofali. Maman alitutangulia. Mimi sikuolewa, na asiniulize mtu. Nilibaki na papa Nguba, na mti, na mabishano yetu, ambayo sasa hayakuwa na hakimu.

Macho yake yalianza kuharibika yeye akijua na sisi hatujui. Ilikuwa presha ya macho. Muuguzi mzima, aliyewafokea watu maisha yake yote kwa kuchelewa kuja hospitali, alijificha mwenyewe. Nilimwona akimimina chai pembeni ya kikombe, nikadhani ni uzee. Alijigonga kwenye mlango wa jiko, akaulaumu mlango. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Siku alipomwaga sufuria nzima ya maharagwe miguuni pake ndipo nilipompeleka kwa nguvu.

Walimpasua. Kaka alishuka kutoka Walungu, na baada ya siku chache dokta akamwita pembeni, kwenye korido. Kaka, si mimi. Na wala si papa. Huku kwetu habari mbaya haipewi mwenyewe. Inapewa familia, kwanza kifungua mimba, naye anaamua nani ajue na nani asijue. Mgonjwa ataambiwa kitu kitamu. Ni desturi, na watu wanaiita upendo.

Kaka aliniambia kwenye ngazi za hospitali, macho yake mekundu. "Macho imeisha. Yote mawili. Haitarudia." Kisha akanishika bega. "Lakini papa asijue. Uniapie."

"Kaka, papa alikuwa infirmie."

"Njo sababu. Itamuua. Uniapie kwa jina la maman."

Nikaapa. Tukaingia chumbani, na kaka akasema kwa sauti ya furaha: "Papa, dokta anasema itakuwa tu muzuri! Itaomba muda, lakini itarudia."

Papa alikuwa amelala chali, bandeji machoni. "Itakuwa tu muzuri," alirudia polepole. Yalikuwa maneno yake. Miaka yote ile, nikimpelekea chakula hospitali nikiwa msichana, nilimsikia akiwaambia wagonjwa hivyo hivyo, kwa sauti ile ile: itakuwa tu muzuri, papa, itakuwa tu muzuri, maman. Hata wale waliokufa kabla ya mapambazuko aliwaambia.

Tulirudi nyumbani, na kuanzia siku hiyo nyumba yetu ikawa nyumba ya ndiyo.

Papa alisema mvua haijanyesha tangu Jumapili, na nje matope yalikuwa bado yanateleza. Watu wa shirika waliokuja kumtazama wakaitikia: "Ndiyo, papa, jua kali." Papa alisifu sambaza zilizoungua, akasema hajala samaki tamu kama hao tangu maman afariki. Mke wa kaka, aliyekuja kutusaidia kupika na ndiye aliyeziunguza, akaitikia: "Aksanti, papa." Papa alikosea mambo ambayo mtoto wa darasa la kwanza angeyajua, na wote waliitikia kwa kichwa kana kwamba anawaona. Mimi nilinyamaza. Kunyamaza kulinichoma kifuani, maana sikuzoea, lakini nilikuwa nimeapa kwa jina la maman, na niliogopa kwamba nikifungua mdomo kwa jambo dogo, lile kubwa litatoka nalo.

Kilichonitisha zaidi ni kwamba alihama upande. Jioni moja, popo wakiwa wanaondoka, akasema bila kuulizwa na mtu: "Maskini popo. Nilimusema vibaya bure. Haone kitu, na bado anafika mashambani na anarudia. Mungu alimufunga macho akamupa masikio. Iko sawa na mie."

Nilibaki nimesimama na kikombe cha chai mkononi. Papa, aliyenionyesha jicho la popo kwa torshi yake mwenyewe! Nilifikiri, basi, sasa na akili nayo inaondoka. Nilienda jikoni nikalia, moshi ukanisaidia kuficha. Alirudia maneno hayo kesho yake, na siku nyingine, kila mara akigeuza uso upande wangu na kungoja kidogo. Nilidhani anangoja chai.

Kaka alipopanga safari ya Walungu, hakuniuliza. Alikuja Jumamosi na gari la rafiki yake, akaniita kando ya mpera. Papa ataenda kuishi kwake, alisema. Huko kuna mke wake, kuna watoto, kuna mtu wa kumshika mkono mchana, wakati mimi niko shuleni. Hakusema uongo katika hilo. Lakini papa alikuwa ameambiwa ni mapumziko ya wiki mbili tatu, mpaka operesheni nyingine. Hakukuwa na operesheni nyingine. Tena kulikuwa na familia iliyotaka kupanga nyumba yetu, wafanyakazi wa shirika moja la misaada, na sharti lao lilikuwa moja tu: mti ule ukatwe, popo wasije wakaleta ugonjwa.

"Na mimi nitakaa wapi?" nilimwuliza.

"Utapata chumba karibu na shule. Tutaangalia."

"Na papa akitaka kurudi?"

Kaka aliangalia chini. "Atazoea," alisema. "Wote wanazoeaka."

Nisimseme vibaya kaka yangu. Alikonda tangu siku ile ya korido. Aliibeba habari ile kama gunia la simenti, na hakujua mahali pa kuitua. Lakini nilitaka kumtupia jiwe.

Jioni ile tulikaa kwenye barza watatu. Valizi ya papa ilikuwa tayari mlangoni. Nilikuwa nimeifunga mwenyewe, mashati yake, rozari, redio. Ziwani maji yalikuwa yametulia, na ng'ambo ya pili vilima vya Rwanda vilianza kuwasha taa. Popo walikuwa wanaamka, kelele zinapanda.

Papa alikuwa amevaa koti lake la Misa. Aligeuza uso juu, upande wa mti.

"Wanaenda," alisema. "Angalia vile Mungu iko na huruma. Kipofu mutupu, haone hata mukono yake, na anaruka usiku mpaka Kabare."

"Ndiyo papa," kaka alisema. "Kabisa."

"Macho yake ni ya bure tu. Iko nayo kama mapambo."

"Njo vile, papa. Mapambo."

Sijui ni ile valizi au ni lile neno mapambo. Nilijikuta nimesimama.

"Hapana!" nilisema. Kwa sauti kubwa, mpaka mbwa wa jirani akabweka. "Hapana, papa. Si kweli. Huyu popo anaonaka. Macho yake yanafanya kazi usiku kuliko yangu na yako!"

"Aka!" kaka alisema, akaruka kwenye kiti. "Unasema nini kwa papa?"

Nilisikia nilichokisema. Kuliko yangu na yako. Nilitamani ardhi inimeze. Papa hakujongea. Alikaa hivyo, uso juu, mikono juu ya magoti.

Kisha akasema: "Kuliko yangu, hata kuku anaona."

Akacheka. Mama wee, alicheka! Sikuwa nimesikia kicheko kile tangu kabla ya hospitali. Mabega yalitikisika, akakohoa, akajipangusa macho yale yasiyofanya kazi. Kaka alimwangalia kama mtu anayeangalia nyumba inayowaka.

"Basi kuko mutu mu hii nyumba," papa alisema. "Nilifikiri munaniacha na maredio tu, unabonyeza, inasema ndiyo."

"Papa, ulijua kama anaona?" nilimwuliza.

"Sijue nini? Mie njo nilikumulikia jicho yake na torshi yangu! Munasahau mie, sikuzaliwa kipofu." Sasa hakuwa anacheka tena. "Nilisema mvua hainyeshe tangu Jumapili, na usiku nilisikia matone ku malata ya paa. Nilikula samaki ya makaa nikasema ni tamu. Nilitukana popo siku zote hizi, mbele ya mutetezi yake hapa. Nani alinibishia? Mulikuwa munaniitikia kama rozari. Nikasema: aa, kama hata huyu wa popo ananyamaza, basi kuko kitu wamefichana, na hiyo kitu ni kubwa."

Juu ya vichwa vyetu kundi jingine lilikuwa linaondoka, nikasikia mabawa yao yakipiga hewa.

"Sasa unijibu na ingine," papa alisema. "Macho yangu itarudia?"

"Papa," kaka aliharakisha, "dokta alisema itakuwa tu mu..."

"Wewe nilikuuliza? Nauliza wa popo."

Kaka alinitazama. Alitikisa kichwa, mara nyingi, polepole: hapana, usiseme. Akaweka na kidole kwenye midomo. Na hapo ndipo hasira yangu yote ilipofika mahali pake. Papa alikuwa amekaa katikati yetu, naye hakuweza kukiona kile kichwa wala kile kidole. Tulikuwa tunamjadili kwa ishara mbele ya uso wake, katika barza yake. Nilimwomba maman anisamehe kiapo.

"Hapana, papa," nilisema. "Haitarudia."

"Yote mawili?"

"Yote mawili. Dokta alimwambia kaka tangu hospitali."

"Hata mwangaza kidogo? Kujua tu muchana na usiku?"

"Hata mwangaza, papa."

Aliinamisha kichwa. Machozi yalimtoka bila sauti, yakashuka kwenye koti la Misa, na hakuyafuta. Kaka naye alikuwa analia, mkono mdomoni. Mimi sikulia. Nilikuwa nimemwambia baba yangu jambo baya kuliko yote na sikuwa na la kuongeza.

"Mie nilikuwa naisema ile neno," papa alisema. "Itakuwa tu muzuri. Niliisema kwa wagonjwa, sijue wangapi. Na wote walikuwa wananijibu, 'Aksanti, infirmie.' Nilikuwa nafikiri wanaamini. Nilikuwa naenda kulala na moyo mweupe." "Kumbe walikuwa wananihurumia mie."

Kaka alipiga magoti mbele yake. "Papa, niliogopa. Nilifikiri itakuua."

Papa aliutafuta uso wa kaka kwa mkono, akaupata, akaushika taya. "Najua, mutoto yangu. Ni vile. Anayesema anaogopa kushinda anayesikia." Kisha akauliza, bado amemshika: "Na Walungu? Ni wiki mbili?"

Safari hii kaka hakunitazama mimi. "Ni ya moja kwa moja, papa," alisema mwenyewe, kwa sauti ndogo. "Nyumba tulitaka kuipangisha. Na muti ungekatwa."

"Eeh." Papa alimwachia taya, akaegemea ukuta. "Nyumba yako ni muzuri, nasikia. Bibi yako ni mutu wa Mungu, hata kama anaunguza samaki. Lakini sijue kuta zake. Hapa kila pahali nagusa, mama yenu aligusa mbele yangu. Tena, unisikilize muzuri. Huyu amesema hata mwangaza sitaona. Basi asubuhi nitajua na nini? Hapa popo wakirudia na ugomvi wao, najua kumekucha, nasali. Munandi wakiingia na kukoroma kwao, najua ni usiku, nalala. Wewe mu Walungu uko na nini ya kuniambia hivyo? Saa ya ukuta?"

Kaka hakusema ndiyo. Namshukuru mpaka leo kwa hilo. Alisema: "Lakini papa, muchana utabaki na nani, dada akienda shuleni? Ukianguka ku ngazi?"

"Ah!" papa alisema, akanyoosha kidole hewani. "Sasa huyu naye ameanza kunibishia. Lete kiti yako karibu."

Walibishana muda mrefu, kwa mara ya kwanza katika maisha ya kaka yangu. Kaka hakushindwa kirahisi. Mwishowe wakakubaliana kwamba papa abaki, kwamba kamba ifungwe kutoka barza mpaka choo na kizuizi kiwekwe mbele ya ngazi za ziwa, na mama mmoja wa shirika letu, mjane mwenye ulimi mkali, aje kukaa naye mchana. Sharti la papa lilikuwa huo ulimi mkali. Kaka aliichukua valizi mlangoni, akairudisha chumbani, akaifungua mwenyewe, akapanga mashati vibaya vibaya juu ya kitanda.

Giza lilikuwa linaingia. Popo wa mwisho alikuwa ameondoka, na mnandi walikuwa wanafika mmoja mmoja, wazito, wakitafuta matawi yao makavu.

"Uniambie vile wanakuwa," papa alisema. "Lakini kweli tupu."

Nikamwambia. Nilimwambia tawi la upande wa ziwa limekufa kabisa, jeupe kwa kinyesi, na litaanguka mvua kubwa ikija. Nilimwambia mnandi mmoja ametandaza mabawa ingawa jua limekwisha, na mwingine anamsukuma. Nilimwambia kwamba mti wenyewe, kwa jinsi unavyochomwa, sidhani utafika miaka mingi.

"Ni mavi ya popo njo inauchoma," papa alisema.

"Ya popo? Papa!"

"Ya popo. Unionyeshe kama si vile."

Nilivuta kiti nikakaa. Nilimwonyesha, na akakataa, na nikamwonyesha tena. Ndani, bugali na sombe, kisamvu chetu, vilikuwa mezani tangu zamani. Vilipoa, na hakuna aliyesimama mlangoni kutuambia.